Nusu ya Wembe ku Shavu ya Kushoto

Mimi hakuna kitu inaweza kunishangaza tena. Minasema vile na sigeuki. Niliona ku mupaka ya Kasindi mutu ya bureau analipisha kodi ya makartoni tupu, eti ju hewa ya ndani ilitoka Uganda. Niliona mutu anataka kuniuzisha camion ya ndugu yake, na ndugu mwenyewe amelala ku kivuli ya ile camion, anakoroma. Mimi shule nilitoka mu mwaka ya tatu ya primaire. Nilianza kuuzisha nyembe moja-moja ju ya sahani ya bati, mvua yangu, jua yangu. Leo niko na dépôt ya milango ine pale Butembo, niko na nyumba ya étage, na batu benye diplôme banasimama nikiingia. Hakuna mutu alinisukuma. Donc mukiniletea habari ya ajabu, nitawaangalia tu.

Mais kuko muzee moja, kinyozi, kila nikimuwaza damu inapanda paka ku masikio. Jina yake sitaandika. Butembo nzima ilimuita Muzee Kinyozi, na mimi nitamuita vile, hata kama niko na majina ingine ya kumupatia.

Tuanze na sura yake, ju ndiyo kitu ya kwanza ilinikasirisha. Kinyozi mwenye sura ya vile sijaona fasi ingine. Ilikuwa sawa shamba yenye bamelima nusu bakaacha jembe. Shavu moja safi, ingine iko na vipele. Chini ya kidevu, kafasi ka ndevu nyeupe kamesahauliwa. Ju nini? Ju kila crème, kila sabuni, kila mousse yenye iliingia Butembo, aliijaribu kwanza ku sura yake mwenyewe, nusu-nusu. Mugeni akifika ku mulango na kumuona, alirudi nyuma.

— Kama anajinyoa vile, mimi atanifanya nini?

Na yeye, bila kugeuka:

— Hii sura yangu ni ya kazi. Ya kwako ndiyo ya kutembea nayo. Ingia.

Na baliingia! Hapo ndipo mutu anashindwa kuelewa. Kachumba ka mbao ku mutelemuko ya soko, kiti ilitoka mu gari ya zamani, mbabula ya makala chini na birika juu yake, ju Butembo asubuhi maji ya robinet inakata mikono sawa kisu. Ku meza, gobleti mbili, vikombe vya chuma: moja mudomo bluu, moja mudomo mwekundu. Brosse mbili za kupiga povu. Basi. Pembeni yake bijana balifungua salon ya mashini, na muziki, na mataa ya rangi. Yeye alikuwa na ile birika. Na foleni ilikuwa kwake.

Nitaeleza kazi yake namna ilikuwa, ju bila ile hamutaelewa mubaya alinifanyia.

Ukimuletea crème mupya, hakusema ni nzuri, hakusema ni mubaya. Alikamua kidogo mu gobleti ya bluu. Mu ile ya mwekundu aliweka sabuni yake ya zamani, kipande ngumu ya rangi ya maziwa, alikuwa ameikusanya na mabaki ya vipande ingine. Alipiga brosse huku, alipiga brosse kule. Kisha alipaka alama mbili ku kioo, moja ya kila gobleti, na kila mutu mu foleni aliangalia yenye itateleza ya kwanza. Batu balikuwa bakiweka mapari, mwenye kushindwa alipe bière. Akatia moja ku shavu yako ya kushoto, moja ku ya kuume. Na sasa wembe. Alichukua wembe mupya, bado iko mu karatasi yake, akaikunja na vidole viwili: tak! Imevunjika mbili. Nusu ya kushoto, nusu ya kuume.

— Mutu anaweza kudanganya povu, alisemaka. Anaweza kudanganya maji. Mais hizi mbili ni mapacha. Hazina sababu ya kupendelea.

Akimaliza, unashika mashavu, unasema ah, hii ya kushoto ni laini. Yeye anakuondolea kitambaa.

— Sikukuuliza. Kesho utanionyesha.

Kesho utanionyesha! Ile neno nilisikia paka nikachoka. Mutu ya heshima, procureur ya mahakama mwenye alitumwa kutoka jimbo ingine, na cravate yake, asubuhi anapanda ule mutelemuko kuonyesha shavu kwa muzee mwenye viatu vya plastiki. Muzee anamushika kidevu, anamugeuza kwa mwangaza sawa mutu ya soko anapima avoka kama imeiva, anasema "hapana" ao "sawa," na procureur anashuka na furaha. Mimi, nikiita procureur ku bureau yangu, ananiambia yuko na dossier.

Hakuogopa mutu. Siku moja mwanajeshi aliingia na mousse ya kopo, ile ya kubonyeza, anachezesha mukono, anaomba na luga ya kijeshi bamutie yake:

— Vieux, pesa ngai mousse oyo! Ya kisasa! Achana na sabuni ya bakoko!

Muzee akabonyeza kopo ku kioo, ikatoka kipande kikubwa sawa wingu. Akaketi.

— Nielezee kwanza habari ya bibi yako.

Mwanajeshi akaanza kueleza, yule wa Kisangani, kisha yule wa Bunia, foleni inacheka. Mbele afike kwa wa tatu, lile wingu lilikuwa limekauka ku kioo, limebaki karatasi.

— Umeona? Hii ni povu ya mupita njia. Ndevu yako inataka povu ya kukaa paka ilainike. Lipa kwanza.

— Nilipe mbele?

— Uko na bunduki. Mimi niko na wembe paka nikimaliza. Kisha niko na nini?

Mwanajeshi akacheka paka machozi, akalipa. Mimi nilikuwa pale, na nilicheka pia, ju bado sikujua zamu yangu itafika.

Mais musidanganyike, hakuwa mutakatifu. Ku muchezo ya dame, ile ya vifuniko vya chupa, aliiba mbele ya macho yako. Unageuka kusalimia mutu, unarudi, kifuniko chako kimepotea, na yeye anaangalia mulima. Ukisema, anaapa kwa Bikira Maria. Kisha kifuniko kinaanguka kutoka mu mukono ya shati. Hakuna haya! Anasema, "Eh, kilikuwa kinajificha." Ku chorale ya paroisse aliimba sauti ya chini, kila mara nyuma ya bengine, na aliwalaumu kwamba banakimbia. Na mimi, kutoka siku za sahani ya bati paka siku za étage, aliniita "mon petit." Mbele ya bateja yangu, mbele ya bafanyakazi yangu. Mon petit! Niko na tumbo, niko na mvi, niko na camion mbili!

Kitu moja tu sikuweza kumukasirikia. Alikuwa ananyoa maiti. Mutu akifa, familia inatuma kumuita, anakuya na gobleti yake ya mwekundu, hachukui hata makuta moja ya malipo. Alinyoa baba yangu. Siku ile nilimuletea crème ya bei, ilitoka Ulaya, harufu yake peke inajaza nyumba. Akaiweka pembeni.

— Mon petit, hii bado sijaijua vizuri.

— Ni ya bei kushinda zote!

— Na ule mwenye amelala pale, hawezi kurudi kesho kunionyesha.

Akatumia sabuni yake. Nilirudisha crème yangu mu mufuko, ju baba alikuwa amelala mbele yetu. Mais nilikumbuka.

Sasa tufike ku crème yangu.

Mimi niliona kitu ambayo bale ba-diplôme habakuona. Huku kwetu batu bananunua kitu ikichoma. Mafuta ya kifua, ikichoma ndiyo dawa. Parfum ya kupaka kisha kunyoa, ikichoma mutu anafunga macho anasema aah, imeingia. Ikikosa kuchoma, anasema umeongeza maji. Donc nikaita commissionnaire yangu, mutu ya kuninunulia bitu kule Uchina: fanya crème ya kunyoa, marque yangu mwenyewe, na mentholi, ile ya kuchoma, utie mara mbili. Akaandika: Patron, uko sûr? Nikamujibu: tia mara tatu. Na ku tube batie sura yangu. Photographe alinigeuza huku na kule, akasema upande yangu ya muzuri ni kushoto. Basi kushoto. Ilifika conteneur, makartoni paka ku paa ya dépôt, na mu kila tube mimi natabasamu, shavu ya kushoto inang'aa sawa sahani.

Nilikuwa nimeweka kila kitu mule. Camion moja niliuzisha ju ya ile. Na banyozi bote, kutoka Butembo paka Beni, balinunua kitu yenye Muzee Kinyozi ametia mu gobleti ya bluu na kusema "sawa." Hiyo neno moja ndiyo nilihitaji. Neno moja kutoka kwa mutu mwenye niliuzishia nyembe miaka mingi, na kila wiki alinirudishia mbili eti hazikati.

Nikapanda kwake siku ya posho, jumamosi, soko imejaa.

— Muzee, leo pima yangu. Ku sura yangu.

Akafungua tube, akanusa, macho ikamutoka machozi.

— Mon petit, uko na ngozi ya mutoto. Tupime ku mutu mwengine. Ao niachie wiki moja, nipime ku yangu.

— Hapana wiki. Leo, hapa, batu baone. Na utie yangu ku kushoto, ile ya ku tube.

— Patron anataka vile, mutu moja akasema ku foleni, fanya tu, Muzee!

Akaniangalia. Akaingia nyuma ya pazia kutafuta wembe, akarudi, akapiga povu. Sikusikia tak. Kelele ilikuwa mingi. Crème yangu ilitoa povu nzito, ku kioo haikuteleza hata kidogo! Batu balipiga mikono. Wembe ilipita ku kushoto sawa mutu anateleza ku matope. Ilikuwa inachoma, ndiyo, mais kuchoma ya bei. Nikasimama, nikawaambia: "Munaona?" Na yeye:

— Kesho utanionyesha.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Niliamuka, bibi yangu akaniangalia, akakaa ku kitanda.

— Baba batoto, leo bakia nyumbani.

— Ju nini?

Akanipatia kioo. Shavu ya kuume ilikuwa ya mutu. Ya kushoto ilikuwa nyekundu, imevimba, imejaa vipele paka jicho inafunga nusu. Mais mimi niko na benchi yangu mbele ku kanisa, na mutu akikosa benchi yake Butembo inasema amefilisika. Nilienda. Ilipofika wakati ya kupeana amani ya Kristu, muke ya pembeni alinipa mukono na kufunga macho. Mutoto moja alilia. Nilisikia chorale inaimba, na ile sauti ya nyuma ya bengine ikanyamaza.

Inje ya kanisa, mbele ya paroisse nzima, Muzee Kinyozi alikuya na shati yake ya chorale. Hakusalimia. Alinishika kidevu, akanigeuza kwa jua.

— Hapana, akasema. Hii hapana.

Hapo nililipuka. Nilimuambia mudanganyifu! Nilimuambia mwizi wa vifuniko! Nilisema amenitia nusu ya wembe mubovu ku kushoto ju anaona wivu, ju sabuni yake imezeeka na yeye amezeeka, ju hataki mutoto ya sahani ya bati apande. Nilisema:

— Apa hapa, mbele ya musalaba, kwamba ulivunja wembe moja!

Batu bote balimugeukia. Ule muzee mwenye alikuwa na jibu kwa mwanajeshi, kwa procureur, kwa padiri, alirudi nyuma hatua moja. Akaangalia viatu vyake vya plastiki.

— Siwezi kuapa, akasema.

Akaenda. Basi! Munataka ushahidi gani ingine? Kutoka siku ile nilieleza kila fasi, soko, bière, matanga: Muzee Kinyozi anadanganya. Foleni yake ikapungua. Mashini ya bijana ikakula bengine. Kisha nikasikia amefunga ile kachumba, ameenda Beni kwa binti yake. Sikusema ni ju yangu. Mutu anazeeka.

Na crème? Niliipeleka paka Kamango, niliwapatia banajeshi kwa bei ya kutupa, balirudisha. Makartoni mengi ilikuwa bado imelala, na pale soko balikuwa bananiita Patron Kushoto, chini-chini, banafikiri sisikii. Unajua nani alinitoa? Bamama ya mulima ya Masereka. Mama moja alishuka na gunia ya viazi, magoti inamuuma, akajaribu kujipaka ile crème. Ikachoma paka ku mufupa. Wiki ya kufuata balikuya kumi pamoja na mizigo yabo ya mboga, banapiga mikono, banashukuru na luga yabo:

— Tata, uko bado na ile dawa ya magoti? Wasingya, tata, wasingya!

Mimi, mutu ya étage, na sura yangu ku tube, shavu nje, natabasamu ku magoti ya bamukaka bazee ya Masereka! Niliuzisha yote. Sikupata hata nusu ya camion. Na mukiwauliza leo, banasema ile crème haina mwenzake. Donc mentholi mara tatu ilikuwa sawa. Nilikosea tu sehemu ya mwili.

Miaka ikapita na ile hasira ikabaki pale, sawa mufupa ya samaki ku koo.

Mwaka ya jana nilienda Beni kupeleka mabati. Njia ilikuwa bien ile siku, nilifika mapema, nilimaliza mapema, nikawa na saa za kungoja dereva. Mutu akaniambia kule commune Ruwenzori kuko muzee ananyoa ku baraza ya binti yake, muzee mwenye sura ya nusu-nusu. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilijisemea: leo atasema.

Alikuwa ameketi ku kiti ya plastiki, amekonda, mbabula pembeni, birika ileile. Binti yake alikuwa anapima unga ya muhogo ya kuuzisha. Nilisimama mbele yake na costume yangu. Akainua macho.

— Mon petit. Sasa umevimba pande zote mbili.

— Sikukuya kucheka, Muzee. Nilikuya useme.

— Niseme nini?

— Kweli ya ile wembe. Ulidanganya ao hukudanganya?

— Nilidanganya.

Vile tu! Bila hata kukohoa! Nikageuka:

— Mama, kuya! Kuya usikie baba yako! Muzee, rudilia mbele yake.

Binti akakuya, mikono nyeupe ya unga. Na yeye akasema pole-pole, sawa mutu anasoma bei ya kitu:

— Ile siku sikuvunja wembe. Nilikuwa na nusu mbili nyuma ya pazia. Moja mupya, bado iko na mafuta ya karatasi. Moja ya jana yake, nilikuwa nimenyolea batu bane. Ile mupya nilitia ku kushoto yake. Ile ya jana nilitia ku sabuni yangu.

Mukono yangu ilikuwa tayari juu, ya kumuonyesha binti kidole. Ikabakia juu. Kushoto ni mimi. Kushoto ilikuwa crème yangu.

— Donc baba alikusaidia, binti akasema. Na akarudi kwa unga yake, ju kuko mutu anangoja.

— Ju nini? nikamuuliza Muzee. Na sauti yangu haikuwa ya kuuliza, ilikuwa ya kupigana. Ju nini ulifanya vile?

Akanyosha mukono ya kuume. Kifundo kilikuwa kimevimba, kimepinda, sawa muzizi ya muti.

— Kupiga sabuni ngumu asubuhi paka jioni, miaka yote. Ilikuwa inaniuma paka silali. Crème ya tube inatoa povu bila nguvu. Nilitaka yako ishinde, mon petit. Nilitaka nipumzike. Nikaisaidia namna niliweza. Na haikuweza.

— Na ku kanisa? Ju nini ulinyamaza ku kanisa?

— Uliniambia niape kwamba nilivunja wembe moja. Sikuwa nimevunja.

— Ungeeleza! Ungesema ulidanganya upande yangu!

— Mbele ya batu bote niseme crème yako ilipewa wembe mupya na bado ikashindwa? Bakiamini wembe ndiyo mubaya, crème inabakia na nafasi. Ulikuwa na makartoni paka ku paa. Nani angenunua hata moja?

Nitawaambia namna nilisikia. Nilisikia hasira yenye sijasikia hata ku Kasindi. Ju mutu akikufanyia mubaya, unajua fasi ya kuweka hasira. Mais ule muzee aliniacha nimutukane, aliacha foleni yake ipotee, na alininyima hata ruhusa ya kujua. Ningemupiga. Vraiment, ningemupiga. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba ile neno, "mudanganyifu," na ilikuwa kweli, na haikunifaa kitu!

— Kaa, akasema.

— Sikukuya kunyolewa.

— Ndevu yako ni ya safari. Kaa.

Nilikaa. Akatia sabuni mu gobleti ya mwekundu, akamwaga maji ya moto, akashika brosse. Brosse ikapiga ukingo ya gobleti, ta-ta-ta-ta, maji ikamwagika ku suruali yangu. Nikamunyang'anya.

— Lete hapa!

— Pole-pole, usisonge sawa ugali. Zungusha.

— Najua!

— Hujui. Hizo mapovu ni kubwa, ni ya kufua nguo. Endelea.

Nilipiga ile sabuni, mimi, na costume, ku baraza, batu ya njia banapita. Nilipiga na hasira yote. Mukono ikaanza kuniuma ku kifundo, kisha ku kiwiko, na yeye anachungulia mu gobleti na anasema bado. Bado. Bado. Koti nikavua. Kisha povu ikawa nzito, ndogo-ndogo, inang'aa, na akasema "sawa." Ile neno yenye nilimuomba ile siku ya posho! Alinipatia ku baraza ya Beni, ju ya sabuni yake.

Akachukua wembe mupya mu karatasi. Vidole vilikataa mara ya kwanza, mais aliikunja, na mara hii nilisikia: tak. Nusu akaweka ku meza, akaigeuza nione. Nusu akatia mu kishikio. Alininyoa pole sana, mukono ya kushoto imeshika ya kuume. Alinikata kidogo chini ya sikio. Aliona, na hakusema pole.

Akimaliza nikatoa bilete ya dola makumi mbili.

— Sina monnaie. Na bei hapana ile.

— Kamata yote!

— Kunyoa ni falanga elfu mbili. Povu umepiga mwenyewe, natoa mia tano. Lete elfu moja na mia tano.

Mia tano! Kazi ya mukono yangu yote ile! Niliilipa kwa noti kuukuu, nimefunga meno. Nikachukua koti. Dereva alikuwa amefika, camion inawaka, Butembo inaningoja, milango yangu ine inaningoja.

— Kesho utanionyesha, akasema.

— Mimi ninarudi leo! Niko na kazi! Unafikiri niko mutoto yako ya kupanda na kushuka?

— Bon, akasema, na akaanza kusafisha brosse.

Nilimutuma dereva peke yake. Nikatafuta chumba pale Beni, kitanda mubaya, maji hakuna, nikalala nimekasirika. Asubuhi nilienda commune Ruwenzori, nikasimama mbele ya kiti yake ya plastiki bila kusalimia. Akanishika kidevu na ile mukono ya kupinda, akanigeuza kwa jua, kushoto, kisha kuume, kisha tena kushoto. Alichelewa pale kushoto, fasi ya vipele vya zamani.

Sitasema alisema nini, ju batu batataka niseme nililia, na mimi sililii bitu ya sabuni. Nitasema bei tu. Conteneur niliisahau, camion niliisahau. Ile habari yote ya crème, mwisho yake kabisa, ilinikula hivi: chumba, dola kumi na tano; kunyoa, falanga elfu moja na mia tano.